Dizeli yako ya kwanza hapa Dar: ikigoma, ikitoa moshi au ikikosa nguvu, anzia wapi kucheki

Umetoka kwenye IST au Vitz ukaingia kwenye Prado, Hilux, Pajero au CX-5 ya dizeli, hongera, ila nusu ya ulichozoea kwenye petroli huku hakikusaidii. Dizeli haina plagi za cheche, yenyewe inakandamiza hewa mpaka inapata moto mkali halafu mafuta yanapuliziwa humo humo yanawaka, kwahiyo ikisumbua maswali ni matatu tu: dizeli safi inafika? hewa ya kutosha inaingia? mgandamizo bado upo? Malalamiko ya watu wa dizeli hapa mjini ni yale yale kila siku na mengi yanaishia kwenye filta, mpira uliopasuka au oili, shida ni kwamba mpaka tatizo ligundulike mwenye gari ameshauziwa nozeli (vipulizio vya dizeli) nne. Pampu na nozeli zinafikiriwa mwisho. Fundi akifungua boneti akakwambia "hii pampu imekufa" kabla hajagusa hata filta, mshukuru ufunge boneti uondoke.

Kabla ya yote jua gari yako ni ya kundi gani maana dawa zinatofautiana. Kuna za pampu ya zamani ya kimekaniki, mfano injini ya 1HZ ya Land Cruiser mkonga, 2L, 3L na 5L za Hilux na Hiace. Hizi zinavumilia. Kuna za komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote) kama 1KD na 2KD za Toyota, 4JJ1 ya Isuzu D-Max na ile ya Mazda CX-5, hizi zinasukuma dizeli kwa presha inayofika bar 1,600 na zaidi na hazitaki utani na mafuta machafu. 1KZ-TE ya Prado za zamani ipo katikati, pampu yake inaongozwa na umeme ila sio komoni reli.

Na haya sio matatizo, usihangaike nayo: injini kugonga gonga ikiwa ya baridi, oili kuwa nyeusi tii siku mbili tu baada ya servisi (masizi hayo, kawaida kabisa), na kapafu kadogo ka moshi ukikanyaga ghafla kwenye gari ya zamani.

INAPIGA STATA ILA HAISHIKI

Cheki kwanza stata inazungusha kwa kasi gani. Dizeli inahitaji mzunguko wa haraka ili hewa ipate joto, sasa kama inazunguka kivivu vivivu hiyo ni betri au vichwa vya betri vyenye ukungu mweupe, sugua kaza jaribu tena. Betri uliyohamisha kutoka kwenye gari ndogo ya petroli haitoshi, weka ya saizi ya gari husika. Angalizo hapa: baadhi ya Land Cruiser zilizotoka Japani zina betri mbili na stata ya volti 24, ukibusti bila kujua ipi inakwenda wapi unaunguza vitu, muite fundi umeme.

Kama stata inazunguka vizuri na bado haishiki, hasa asubuhi baada ya kulala, mshukiwa wa kwanza ni hewa kwenye njia ya dizeli. Kuna mahali mpira umechoka au oringi ya filta haikukaa vizuri kwenye servisi ya mwisho, usiku dizeli inarudi tenki na nafasi yake inaingia hewa. Kipimo chake ni bure: magari mengi yana kipampu cha mkono juu ya filta ya dizeli, kisukume mpaka kiwe kigumu halafu washa. Ikiwaka palepale basi umeshapata jibu, tafuta panapovuja, anzia kwenye filta, fuata mpira hadi tenki, paliponata vumbi lenye unyevu ndipo hapo. Na ukipaki imeelekeza pua mlimani inasumbua zaidi kuliko kwenye tambarare, hiyo nayo ni dalili ya hewa.

Baada ya hapo filta yenyewe. Gari ya kuagiza ukiinunua usimsikilize mtu anayesema "hii imetoka Japani ni mpya", badilisha filta ya dizeli, ya oili na ea klina siku ile ile, hujui ya nani ilikaa humo miaka mingapi.

Plagi za kupasha, mafundi wengi wanaita hita plagi, kwa Dar zinasingiziwa sana. Joto letu hili injini nyingi zinawaka hata plagi mbili zikiwa zimekufa. Zitakuumbua ukienda Njombe, Mbeya au Lushoto, asubuhi inazungusha wee halafu inashika na moshi mweupe na kutetemeka. Injini za zamani zinazitegemea zaidi kuliko komoni reli. Washa swichi, subiri kale kataa ka kispringi kazime ndio upige stata, tabia hiyo peke yake inawashinda watu waliozoea petroli. Kupima ni kazi ya mita, fundi umeme anafanya kwa dakika chache, ila kuzifungua zikiwa zimeganda usikubali zilazimishwe, ikikatika ndani ya silinda hedi umeingia gharama nyingine kabisa.

Kwenye pampu za zamani kuna pia ka solenoidi kanakofungua dizeli ukiwasha swichi. Ukiwasha usikie "tik" kwenye pampu. Kimya? cheki fyuzi na waya kabla hujasema pampu.

Mwisho kabisa ndio nozeli zinazovuja, pampu iliyochoka na mgandamizo ulioisha, hayo ni ya mtu mwenye vipimo. Na chonde, yale makopo ya kupulizia etha kwenye ea klina ili iwake, usikubali. Ikikutana na hita plagi nyekundu inalipuka mapema, pistoni zinapasuka. Halafu ukiona umepiga stata mara kadhaa bila dalili yoyote acha, unaunguza stata na kumaliza betri, tatizo linakuwa matatu.

INAZIMA NJIANI AU INAKATA KATA KAMA INATAKA KUISHIWA

Hapa tukae kidogo kwa sababu ndio kesi inayoleta watu wengi na ndio inayoua komoni reli.

Kwanza maji kwenye dizeli. Yanatoka kwenye tenki za sheli, kwenye madumu, au unyevu tu wa tenki lako unalolaza na robo kila siku, na masika ndio msimu wake. Gari nyingi za dizeli zina sehemu ya chini ya filta inayokusanya maji na taa yake kwenye dashibodi, taa ile ikiwaka sio ya kesho. Zima injini, weka chupa safi ya plastiki inayoonyesha chini ya filta, legeza kifundo cha chini mizunguko kadhaa tu usikitoe, pampu kwa mkono juu, acha itiririke mpaka itoke dizeli tupu, kaza. Iache chupa itulie, maji yanakaa chini dizeli inaelea juu, utaona mstari. Matone machache ni kawaida. Ukipata robo chupa ya maji usiendeshe, tenki linatakiwa kushushwa na kuoshwa, maana maji yakipita kwenye pampu ya komoni reli yanakwangua chuma na vile vichuma vidogo vinasambaa hadi kwenye nozeli zote.

Pili filta imeziba. Hii inajificha, mjini inakwenda vizuri ukifika mlima wa Kitonga au ukitaka kuovateki unaona inakosa pumzi, ukipumzika kidogo inarudi. Kitabu cha gari kinaweza kusema filta ya dizeli inakaa kilomita nyingi, mimi kwa mafuta ya huku naibadilisha kila servisi mbili na silalamiki. Spea za Gerezani zipo za kila aina, ile ya bei ya kushangaza unaijua mwenyewe kwanini ina bei hiyo.

Tatu dizeli yenyewe. Uchakachuaji wa mafuta ya taa ulipungua sana baada ya serikali kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 na EWURA kuanza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) mwaka 2010, ila haujafa. Ikianza kugonga na kukata kata palepale baada ya kujaza sheli fulani, usiendelee kuunguza tenki lote, chukua sampuli kwenye chupa, tunza risiti ya EFD yenye tarehe na lita, lalamika sheli na ikibidi EWURA. Bila risiti huna kesi. Na dizeli ya dumu kando ya barabara, hata kama ni ya bei ya chini, achana nayo.

Nne kwa Toyota na Isuzu zenye pampu ya Denso kuna kivali kinaitwa SCV, kinapima dizeli inayoingia kwenye pampu. Kikichafuka resi zinapanda na kushuka zenyewe gari ikiwa sailensi, na inaweza kuzima ukiachia mafuta. Kinabadilishwa bila kushusha pampu, sasa pata fundi anayekijua usije ukauziwa pampu nzima kwa ajili ya kivali.

Onyo kubwa la sehemu hii: usifungue wala usishike bomba lolote la presha la komoni reli injini ikiwa inawaka, na usitafute mvujo kwa kupitisha mkono. Ule uzi mwembamba wa dizeli unatoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama, kidonda kinaonekana kama cha sindano lakini ni cha kwenda hospitali hapo hapo, watu wanakatwa vidole. Ule ujanja wa fundi wa zamani wa kulegeza nati za nozeli moja moja kusikiliza ipi imekufa ni wa 1HZ na wenzake, kwenye 1KD au CX-5 asiuguse.

MOSHI

Rangi ndio inayoongea, angalia mchana injini ikiwa imeshapata moto.

Mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Ea klina kwanza, ukikaa Goba, Madale, Chanika au popote penye vumbi ni hiyo kabla ya kitu kingine. Ukiipuliza kwa kompresa puliza kutoka ndani kwenda nje na presha ndogo, vijana wa kuosha magari wanaipuliza kwa hasira mpaka inatoboka na vumbi linaingia kwenye tabo (turbo) na ringi za pistoni. Inayofuata ni mipira ya intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo), ikipasuka unasikia "tssss" ukikanyaga na nguvu inapungua, tafuta palipolowa oili, mara nyingi kwenye mkunjo au chini ya klampu. Kisha vali ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) iliyojaa masizi, ugonjwa mkubwa wa gari zinazoishi kwenye foleni ya Mandela na Ubungo bila kunyoosha miguu. Nozeli zinazomwaga badala ya kupuliza ni baada ya hayo yote. Zikipelekwa kupimwa ziende kwa wenye mashine ya kupima pampu na nozeli, na omba uone vipimo kabla na baada, sio maneno.

Mweupe uko wa aina mbili, nusa. Unaochoma macho na kunuka dizeli ni mafuta yasiyoungua: hewa kwenye njia ya dizeli, nozeli, taimingi, au mgandamizo mdogo. Wenye harufu tamu tamu na huku maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja chini, hiyo ni gasketi au silinda hedi. Mpira wa juu wa rejeta ukiwa mgumu kama jiwe dakika mbili baada ya kuwasha gari iliyolala, hewa ya mgandamizo inapita kwenye maji. Hapo acha kuendesha. 1KZ-TE inajulikana kwa kupasuka hedi ikichemshwa na kila kilomita unayoongeza ni hela.

Bluu ni oili inaungua. Kabla hujalia cheki stiki, wengi wamejaziwa oili kupita alama na vijana wa servisi. Kisha tabo: toa mpira wa kuingiza hewa injini ikiwa imezimwa na imepoa, shika mhimili wa tabo, mchezo mdogo sana wa pembeni ni kawaida, ukigusa ukuta au ukienda mbele na nyuma tabo imechoka. Uchafu kidogo wa oili kwenye mipira sio kifo, dimbwi ndio tatizo. Mwisho ringi: fungua kifuniko cha oili injini ikiwa sailensi, moshi ukitoka kwa kupumua kwa nguvu mgandamizo unapita chini, hapo ni kufungua injini.

Tabo inayomwaga oili usiipuuze kwa sababu ya jambo moja la kutisha: injini ya dizeli inaweza kuanza kula oili yake yenyewe, resi zinapanda mpaka mwisho na ukizima swichi HAIZIMI, maana haihitaji umeme kuwaka. Kama ni manyua, kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia kubwa kabisa, achia klachi ghafla izimike. Kama ni otomatiki zuia hewa, kipande cha ubao kwenye mdomo wa ea klina kama unaufikia salama, sio mkono wala kitambaa, vitavutwa. Hufikii? Shuka, watoe watu, simama mbali. Injini inanunuliwa nyingine.

IMEKOSA NGUVU GHAFLA NA TAA YA INJINI IMEWAKA

Gari imejizuia yenyewe isiharibike, resi hazizidi elfu tatu hivi na tabo kama haipo. Ukizima na kuwasha inarudi kwa muda, na hapo ndipo watu wanajidanganya imepona. Ipimwe kwenye mashine, na kodi za hitilafu zinazotokea pale zipigwe picha KABLA hazijafutwa, mafundi wengi wanafuta kwanza halafu wanakisia. P0299 ni presha ya tabo ndogo, anza na mipira ya intakula na vimipira vidogo vya vakyumu, kisha mkono wa tabo ulioganda kwa masizi. P0401 ni EGR, isafishwe. P0087 presha ya dizeli iko chini, filta kwanza, kisha SCV, ndipo pampu na nozeli. Kodi ni mahali pa kuanzia kutafuta, sio jina la spea ya kununua.

CX-5 za dizeli na ndugu zake zina DPF, kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kinajisafisha kwa kuyachoma masizi na kinahitaji mwendo wa kueleweka, sasa gari inayokwenda Sinza mpaka Posta na kurudi kwa foleni haimalizi kuchoma hata mara moja. Japani dizeli yao haizidi salfa 10 ppm, kwetu kiwango kilichowekwa 2015 kilikuwa 50, mtu mwenye gari hii ajue hilo kabla ya kulaumu bahati. Taa ya DPF ikiwaka tu bila kupepesa, toka nje ya mji, Mlandizi kwenda Chalinze panatosha, mwendo usiosimama simama kwa dakika 15 hadi 20 injini ikiwa na moto, usizime katikati. Usipaki juu ya majani makavu ukimaliza, ekzosi ina moto wa kuwasha. Ikipepesa usiendelee, nenda kwa wenye mashine waichome kwa kompyuta au waishushe. Kuikata na kuifuta kwenye programu wanafanya wengi, siwasemi, ila anayekata chuma bila kugusa programu anakuachia gari inayojaribu kuchoma kitu kisichopo na kumwaga dizeli kwenye oili.

OILI IMEPANDA KWENYE STIKI

Oili inayoongezeka ni mbaya kuliko inayopungua. Kwenye CX-5 dizeli kidogo inashuka kwenye oili kila ikichoma masizi, ndio maana stiki yake ina alama ya X juu ya fulu, ikifika hapo unamwaga oili yote hata kama kilomita hazijafika. Kwa gari isiyo na DPF hakuna kisingizio: nusa stiki, ikinuka dizeli ni nozeli au sili ya pampu, ikiwa rangi ya chai ya maziwa ni maji yameingia. Vyote viwili usiendeshe, iite brekidauni.

1KD ina kituko chake, zile washa (vipete bapa) za shaba chini ya nozeli zikichoka moshi unapita na kupika oili, uchafu unaenda kuziba chujio la kunyonyea oili ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), presha inashuka na injini inanoki. Ukiona lami nyeusi imezunguka nozeli au unasikia "chuf chuf" pale juu asubuhi, zibadilishwe na sampu ishushwe chujio likaguliwe kwa pamoja, sio moja moja.

Oili ya dizeli ni ya dizeli. Injini za zamani CI-4 ya 15W-40 inatosha, yenye DPF inataka DL-1 au C3 (madaraja haya yameandikwa kwenye kopo la oili). Kilomita 5,000 kwa foleni za huku, usivute.

INACHEMSHA KWENYE FOLENI

Maji ya rejeta (iwe kulanti, sio ya bomba), mfuniko wa rejeta uliochoka, rejeta iliyozibwa na tope kwa nje, klachi ya feni isiyoshika, kisha themostati. Fundi akikwambia tunaitoa themostati kwa sababu Dar ni joto, kataa, injini inakuwa ya baridi barabara kuu na inakula mafuta, na tatizo halisi linabaki palepale. Mshale ukipanda zima AC, washa hita ya ndani, paki. Usifungue mfuniko wa moto hata kama mpita njia anakushauri.

Na maji ya barabarani: Jangwani ikifurika usijiamini kwa sababu una gari ya juu. Mgandamizo wa 1HZ ni karibu 22 kwa 1, petroli nyingi ni 10 au 11, maji yakiingia kwenye silinda hayakandamiziki, koni rodi ndio zinapinda. Ikizimikia majini USIPIGE STATA hata mara moja. Ivutwe, nozeli au hita plagi zifunguliwe maji yatoke kwanza.

UMEWEKEWA PETROLI

Mdomo wa bomba la petroli unaingia kirahisi kabisa kwenye tenki la dizeli kwahiyo hakuna cha kukuokoa zaidi ya mdomo wako, shuka garini, sema "dizeli" kwa sauti, angalia bomba. Likitokea usiwashe hata swichi, kwenye gari nyingi pampu inaanza kusukuma hapo hapo. Isukumeni pembeni, tenki limwagwe na fundi sehemu ya wazi mbali na moto na sigara, filta mpya, imeisha. Ukiwa umeshawasha zima papo hapo. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu, petroli inaikausha. Gari ya zamani iliyoonja lita mbili inaweza kusamehe, komoni reli usijaribu "kuchanganya na dizeli nyingi iishie".

TAA YA T-BELT

1HZ, 1KZ na 1KD zina belti ya taimingi. Taa ikiwaka badilisha na tensheni yake. Ikiwa umenunua kwa mtu na hakuna ushahidi wa lini ilibadilishwa, badilisha tu, maana taa inawekwa upya kwa dakika tano bila mtu kugusa belti na ikikatika vali zinagongana na pistoni.

INAKUNYWA MAFUTA KULIKO ULIVYOAMBIWA

Usitegemee mshale. Jaza fulu tenki, andika kilomita, tembea, jaza fulu tena sheli ile ile, gawanya. Fanya hivyo mara kadhaa ndio ulalamike. Kisha cheki upepo wa tairi, breki inayoshika (gusa rimu zote baada ya safari, moja ikiwa na moto kuliko wenzake umeipata), ea klina, themostati iliyotolewa, mvujo kwenye mpira wa kurudisha dizeli juu ya nozeli. Foleni na AC ya Dar vina sehemu yao, hapo hakuna fundi wa kukusaidia. Na kama mafuta yanapungua gari ikiwa imelala na chini hakuna tone, dizeli inauzika haraka sana, nunua mfuniko wa tenki wenye funguo na ubadilishe pa kupaki.